Mama alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala: mambo ya tiba kazi ambayo hatukuambiwa mapema (Moshi)

MwanaKibosho (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Humu ndani kila baada ya muda anatokea mtu anauliza, "Mzazi wangu amepooza upande mmoja, nifanyeje?" Majibu huwa yale yale: mpeleke fizio (mazoezi ya viungo), mpeleke kwenye maombi, mchue na mafuta ya nazi. Sijawahi kuona mtu akitaja tiba kazi, yaani tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake za kila siku. Sisi wenyewe tulichelewa kuijua wiki sita, na wiki sita hizo bado zinaniuma. Nimeona niandike yote, mwenye mgonjwa achukue kitakachomfaa.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi Kibosho kihambani. Jumamosi moja mwaka jana alikuwa anakata majani ya ng'ombe, mundu ukamdondoka. Akauokota, ukadondoka tena. Mjukuu akamwita, akajibu maneno yasiyoeleweka, mdomo umekwenda upande. Jirani akasema ni presha imepanda, apewe maji ya limao alale kidogo. Akalala pale pale nyumbani. Mpaka nimepata simu na gari limepatikana, saa nne zimekatika. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwenye hospitali zenye nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa umeziba na haukupasuka. Kwa hiyo ukiona uso umeanguka upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno yanapotea, usilaze mtu. Tafuta gari.

Hospitali tuliyofikia siitaji. Presha waliishusha vizuri, wauguzi walikuwa wema, picha ikaonyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mwili ulipooza kulia. Siku ya tisa akaruhusiwa. Kwenye karatasi: dawa za presha, aspirini, dawa ya lehemu, na mstari mmoja, "aendelee na mazoezi nyumbani." Mazoezi gani? Nilimuuliza mmoja wa wauguzi tukiwa tunakunja mashuka, akasema mnyanyueni mkono juu mara nyingi na mumpe mpira aminye. Tukaondoka na hilo.

Sasa sikilizeni tulichofanya nyumbani, maana naamini familia nyingi zinafanya hivyo hivyo. Dada yangu alihamia pale. Mama akalishwa, akaogeshwa, akavalishwa, akaletewa beseni kitandani. Akitaka kuinuka, watu wawili wanamkamata makwapani, mmoja huku mmoja kule, hop. Asubuhi na jioni kaka anaunyanyua mkono wa kulia mpaka juu ya kichwa mara hamsini, mama analia, tunamwambia vumilia mama, ndiyo dawa. Mkono wa kushoto mzima kabisa, lakini hata kijiko hakushika, kwa sababu tulikuwa wengi na kila mmoja anataka kumhudumia. Mtu aliyekuwa anaamka saa kumi na moja kuwasha moto akawa mgeni kwenye jiko lake mwenyewe.

Wiki ya sita bega lilikuwa halishikiki, vidole vimeanza kujikunja kwenye kiganja, na mama hataki tena kula. Anageukia ukutani.

Binti wa jirani yetu anasoma KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi. Alikuja kumsalimia, akaangalia, akauliza, "Kaka, mmeshamwona mtu wa tiba kazi?" Nikamwambia fizio tunafanya wenyewe. Akasema siyo fizio, tiba kazi. Jumatatu tukashuka KCMC.

Naendelea chini, simu inaisha chaji.

Dada wa Sakina

Pole sana kaka kwa mama. Endelea tafadhali. Baba mkwe wangu yupo hapa Arusha mwezi wa pili sasa, na hapo kwenye kukamata makwapani umenigusa, ndivyo tunavyofanya.

MwanaKibosho

Nimerudi.

Yule mtaalamu alikuwa kijana, mdogo kwangu. Nilitegemea aanze na mkono. Hakuugusa. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama, macho yakiwa usawa mmoja, akauliza, "Shikamoo mama. Kabla hujaugua, ukiamka asubuhi ulikuwa unaanza na kazi gani?" Nikajibu mimi: anakamua, anawasha moto. Akaniambia kwa upole, "Kaka, nilikuwa namuuliza mama." Mama maneno hayakuwa yanatoka. Tukakaa kimya, naona kama dakika nzima, mimi jasho linanitoka. Kisha mama akanyanyua mkono wa kushoto, akaushusha juu ya ule wa kulia, akawa anakwangua hewani, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Akarudia. Kijana akasema, "Unamenya ndizi." Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yakamshuka. Ndizi mshare, za mtori. Tangu nizaliwe mtori wa nyumba ile anapika yeye.

Akaandika kwenye faili: lengo la mgonjwa, kumenya ndizi na kupika mtori. Hakuandika "kunyanyua mkono nyuzi kadhaa." Baadaye akanieleza tofauti kwa maneno ambayo nimeyashika: fizio anafundisha mwili kusimama, kutembea, kupata nguvu na mizani ya mwili, yaani kutoyumba. Wa tiba kazi anauliza huo mwili unataka kufanya nini ukishasimama, kisha anaivunja kazi hiyo vipande vidogo, na mgonjwa anarudishiwa kipande kimoja kimoja. Kuvaa ni kazi. Kwenda choo ni kazi. Kuhesabu chenji ya gulioni ni kazi.

Mambo aliyotubadilishia siku ile ile:

Bega kwanza. Mkono ukilegea, misuli inayoshikilia mfupa ndani ya bega haiushiki tena, mkono unaning'inia kwa uzito wake na mfupa unashuka. Alichukua kidole changu akakiweka juu ya bega la mama, pana shimo, kidole kimoja kinaingia. Kwa hiyo kumvuta mkono au kumbeba makwapani ni kulichana bega zaidi, na zile mara hamsini juu ya kichwa ndizo zilizoleta maumivu. Nilitoka nje kidogo nikajifuta uso. Akatufundisha kuuweka mkono juu ya mto akiwa amekaa, kuutegemeza akiwa amelala, na kumwinua kwa kumshika kiunoni huku yeye ameinama mbele, pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asimame. Ukimwinamisha vizuri hutumii nguvu kabisa.

Mpira ukaondoka. Mkono wa mama tayari ulikuwa unajifunga wenyewe, na kuminya ni kufunga. Anachohitaji ni kufungua. Tukafundishwa kuunyoosha polepole kuanzia kifundo, kisha kidole gumba, kisha vingine, kuosha kiganja kila siku na kukikausha, kukata kucha.

Kuvaa: mkono mgonjwa unaanza kuingia, na unakuwa wa mwisho kutoka. Sentensi moja tu, lakini tulikuwa tunapigana na lile gauni nusu saa kila asubuhi. Tukampelekea fundi cherehani nguo tatu, akapanua mikono, sketi akaziwekea lastiki, vifungo vya mbele akatoa akashona velkro. Wiki ya tatu mama alivaa peke yake, dakika ishirini na mbili, na dada amekaa juu ya mikono yake ili asimsaidie.

Ngarenaro Asilia

Mkuu pole, lakini mimi siafiki. Mtu wa miaka 67, mwili umepooza, unamkalisha amenye ndizi? Alilea watoto, alilima, sasa ni zamu yake kupumzika na watoto wamhudumie. Nikimwona mama yangu anahangaika na kifungo dakika ishirini nami nimekaa naangalia, majirani watasemaje?

MwanaKibosho

Mkuu, nakuelewa kabisa na wala hujakosea kwa nia. Shangazi yangu alisema hayo hayo, tena mbele ya ukoo, kwamba tunamtesa dada yake na kwamba sisi watoto wa siku hizi tumechoka kuhudumia. Ilitugawa kweli. Nilichomjibu shangazi ni kwamba aulizwe mama. Mama kipindi hicho alikuwa na maneno machache mno. Alichukua kisu kutoka kwa shangazi, akakishika yeye. Basi.

Kupumzika ni kuwa na uwezo wa kufanya ukaamua kukaa. Mama hakuwa anapumzika, alikuwa amenyang'anywa.

MtibaKazi wa Kaskazini

Salaam wakuu. Mimi ni mtaalamu wa fani hii, nimehitimu pale pale KCMC, ambako pana chuo cha tiba kazi. Namshukuru mleta uzi, ameeleza vizuri kuliko vipeperushi vyetu.

Kwa Ngarenaro: hoja yako ya kupumzika ina ukweli kwa siku za mwanzo kabisa. Kuna utafiti mkubwa ulioitwa AVERT, matokeo yalitoka 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000. Waliosimamishwa na kutembezwa mapema mno na kwa wingi, kuanzia ndani ya saa 24, hawakufanya vizuri kuliko wenzao, walifanya vibaya kidogo. Kwa hiyo siku ile ya kwanza hatukimbizani. Lakini hali ikishatulia, kila wiki ya kulala ina gharama. Miezi mitatu ya mwanzo ubongo unajipanga upya kwa kasi kuliko wakati wowote baadaye. Sehemu iliyokufa haifufuki, ila sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi yake, na zinajifunza kwa kurudia jambo lenye maana kwa mwenye mwili. Ukimnyanyulia mtu mkono mara hamsini, ubongo wake haujafanya kazi, wako ndio umefanya. Baada ya miezi hiyo mitatu mambo hayasimami, yanapungua mwendo tu. Nimeona watu wakipata kitu kipya mwaka wa pili.

Jambo jingine nataka lieleweke. Mgonjwa akijaribu mkono ukamwangusha, akajaribu tena ukamwaibisha mbele ya watu, anauacha. Anatumia ule mzima tu. Baada ya muda hata nguvu kidogo iliyorudi haitumiki, ubongo umeshazoea kwamba mkono ule haupo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, ndiye aliyelichimba sana jambo hili, na kutokana nalo ikaja tiba ya kuuvalisha mkono mzima glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa EXCITE uliochapishwa 2006 ulichukua watu 222 waliokuwa miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi. Waliofanyiwa hivyo kwa wiki mbili walitumia mikono yao vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, na faida ilionekana hata baada ya mwaka. Lakini msiende kumfunga mzee mkono leo usiku. Inawafaa wale wenye uwezo walau kidogo wa kuinua kiganja na kufungua vidole, na wenye mizani, maana mkono mzima ukiwa ndani ya glavu akiyumba hana pa kujishikia. Mwone mtaalamu kwanza.

Kwa mkono ambao haujacheza kabisa kuna njia ya kioo. Unasimamisha kioo cha kawaida katikati ya mikono miwili mezani, mkono mgonjwa unafichwa nyuma yake, mgonjwa anaangalia taswira ya mkono mzima unavyofungua na kufunga, huku akijaribu kufanya hivyo hivyo na ule uliofichwa. Macho yanauambia ubongo kwamba mkono unacheza. Kioo cha kunyolea kinatosha kama kiganja chote kinaonekana.

Konda Mstaafu

Wanangu, mimi sitoi ushauri, nasimulia yangu. Nina miaka 61, nimefanya kazi ya ukondakta Arusha zaidi ya miaka ishirini. Kiharusi changu kilikuwa upande wa kulia wa ubongo, mwili wa kushoto ukalegea, lakini mguu ulirudi mapema na mkono nao ukawa unacheza. Kila mtu akasema mzee kapona. Nami nikasema nimepona.

Nikawa nakula nusu sahani. Mke wangu anauliza, mbona unaacha wali? Naangalia, sahani naona imekwisha. Nanyoa ndevu, natoka nje, watoto wananiangalia. Nimenyoa shavu moja. Siku moja nimesimama pale Kilombero, hapa hapa Arusha, linakuja gari, kibao nasoma MTONI. Nikakaa nikifikiri, Arusha kuna Mtoni ipi? Konda ananiita, mzee twende Ngaramtoni. Nikaangalia tena, bado naona MTONI. Hapo ndipo nilipoogopa. Macho yalipimwa, mazima kabisa. Wanangu, upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umefutika nami sikujua kama umefutika.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa tiba kazi. Alibandika utepe mwekundu upande wa kushoto wa meza, wa sahani, wa gazeti. Kanuni ni moja: usianze kula, usianze kusoma, mpaka umeuona wekundu. Mke wangu akaambiwa akija kuongea nami asimame kushoto, nigeuze kichwa nimtafute. Chai iwekwe kushoto. Redio kushoto. Ilichukua miezi. Sasa kabla sijavuka barabara nasema kwa sauti, "Kushoto, mzee, kushoto," nageuka mpaka shingo igome.

Watu waliopona mguu na mkono msiwaamini haraka. Mpeni sahani mwone anakula wapi.

Dada wa Sakina

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Baba mkwe wangu naye ni upande wa kushoto uliopooza, na kila siku anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto. Tulidhani ni uzembe wa miguu. Leo jioni namwekea sahani niangalie.

Konda Mstaafu

Marahaba binti. Mwangalie bila kumwambia. Na usimcheke, kwake hakuna kilichokosekana.

MwanaKibosho

Mzee asante sana, hilo nami silijui, mama yetu hakuwa nalo.

Shida yake ilikuwa maneno. Niliwahi kudhani akili imeguswa, maana ukimuuliza unataka maji au chai anajibu "ile, ile" na anakasirika. Siku moja Jumapili wazee wa kanisa walikuja kumfariji, wakaanza Baba Yetu. Mama akaisali yote mpaka amina, maneno yamenyooka. Kisha akaomba maji, ikatoka "ile." Tulichanganyikiwa. Tukaelezwa kwamba sala, nyimbo na kuhesabu moja mbili tatu ni maneno yaliyozoeleka, hupita njia nyingine, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kujitungia yanapokwama. Tukaacha kumpigia kelele kama kiziwi. Tukawa tunauliza swali la ndiyo au hapana, moja moja, tunamwonyesha kitu chenyewe, na tunasubiri. Kusubiri ndiko kugumu.

Turudi jikoni, maana hapo ndipo nataka kukaa.

Fundi seremala hapa kijijini alitengeneza ubao kama wa kukatia mboga, ukubwa wa daftari kubwa, akapigilia misumari miwili kutoka chini, ncha zinatokeza juu. Ndizi unaichoma pale, inakaa. Chini ya ubao tukaweka kitambaa kilicholoa ili usiteleze, na hiyo hiyo tunaweka chini ya sahani anapokula. Kisu tulikizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mpini mpaka ukawa mnene, na kijiko chake vilevile, kwa sababu kiganja kisichofunga vizuri kinashika kitu kinene kabla ya chembamba.

Mwezi wa kwanza mkono wa kulia haukumenya chochote. Kazi yake ilikuwa kulala juu ya ubao, kuwa jiwe la kuukandamiza. Wa kushoto unamenya. Kijana alisisitiza hilo sana: mkono mgonjwa uwepo kwenye kila kazi hata kama ni kwa uzito tu, na mama auangalie. Mezani uwe mezani, usiwe umeanguka mapajani. Mwezi wa pili ukawa unasukuma maganda pembeni kwa ukingo wa kiganja. Mwezi wa tatu kidole gumba kikaanza kuachana na vingine. Nilikuwepo siku ile. Mama aliacha kumenya, akakiangalia, akakifungua tena, akakifunga, akanionyesha bila kusema kitu, na ng'ombe analia nje kwa njaa hakuna aliyekwenda.

Mtori wa kwanza ulikuwa na vipande vya ganda ndani. Tuliula wote.

Ngarenaro Asilia

Mkuu, nilibisha pale juu, sasa nauliza. Choo mlifanyaje? Sisi choo ni cha kuchuchumaa, kipo nje, na mama yangu ana miaka 72. Hajaugua kiharusi lakini presha anayo na magoti yanamsumbua.

MwanaKibosho

Choo ndicho kilichotusumbua kuliko jiko. Tulichukua kiti cha mbao kizito chenye miguu mipana, seremala akakata tundu katikati, tunakisimamisha juu ya shimo. Kiti cha plastiki peke yake tulikijaribu, kikateleza, nusura mama aanguke, tukakiacha. Upande wa kushoto, yaani upande wa mkono wake mzima, tukapigilia bomba la chuma ukutani la kushikia. Njia ya kwenda huko ilikuwa na mteremko na mawe, tukachonga ngazi pana na kumwaga kokoto, taa ya sola juu ya mlango. Fimbo anaishika mkono mzima, siyo upande mgonjwa kama tulivyodhani.

Na maji ya kuoga, tafadhali sana: dada apime kwa mkono wake, au mgonjwa mwenyewe kwa mkono mzima. Mkono uliopooza mara nyingi hausikii moto. Mama aliungua kwenye sufuria, hakujua mpaka alipoona lengelenge.

MtibaKazi wa Kaskazini

Ngarenaro, kwa mama mwenye presha usingoje. Kuna watafiti waliwahi kufuatilia kiharusi wilayani Hai, huku Kilimanjaro, na Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006. Baada ya kusawazisha tofauti za umri wa watu, Hai ilipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, Dar wapatao 316. Presha ipo juu kabisa kwenye orodha ya visababishi, na presha haiumi. Dawa zimezwe kila siku na zichukuliwe nyingine kabla hazijaisha, hata anapojisikia mzima. Wengi ninaowapokea waliacha dawa kwa sababu walijisikia wazima.

Nimeguswa na yule mama aliyegeukia ukutani. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia kwenye huzuni kubwa, na huzuni hiyo inatibika. Familia husema amekata tamaa, au amerogwa. Ukimwona mgonjwa hali chakula, halali usingizi, hataki kujaribu, mwambie daktari kama unavyomwambia habari ya bega.

Na kwa wanaoona kwamba ndizi siyo matibabu: mmoja wa walioanzisha fani hii alikuwa mchoraji majengo wa Marekani, George Barton, aliyepooza upande wa kushoto akajirudisha kwa useremala na kazi za bustani. Chama chao cha kwanza kilianzishwa nyumbani kwake, Clifton Springs, Machi 1917. Fani yetu ilianzia kwenye jembe na randa.

Dada wa Sakina

Nimerudi na habari. Baba alikula upande wa kulia wa sahani, akanawa, akashukuru. Nikaizungusha sahani bila kusema kitu. Akashangaa, "Kumbe kuna nyama." Akala yote. Mume wangu ametoka nje kukaa peke yake. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali kuuliza tiba kazi. Mzee Konda, Mungu akubariki. Rangi nyekundu ni lazima, au yoyote?

Konda Mstaafu

Yoyote inayong'aa, binti, isiyofanana na meza. Mimi nilipewa nyekundu. Na mkifika, semeni hilo la sahani wazi wazi, maana mkisema tu "amepooza" watapima mkono.

Mpita Njia 88

Mkuu MwanaKibosho, mama sasa yukoje? Amerudi kama zamani? Na naomba vipimo vya ule ubao, mimi ni seremala Kiboriloni, kuna bibi hapa jirani nataka kumtengenezea.

MwanaKibosho

Asante sana mkuu kwa moyo huo.

Hajarudi kama zamani na sitaki kumdanganya mtu humu. Ng'ombe anakamua mjukuu. Uzi kwenye sindano haupiti. Kilemba anafunga kwa mkono mmoja na meno, na hataki kufungiwa. Maneno yanakuja, ya Kichagga yalitangulia, Kiswahili kikafuata, akichoka jioni yanapotea tena. Ndizi anamenya mikono miwili, ubao ameuacha tangu Pasaka, ila hataki utolewe jikoni.

Vipimo: urefu sentimita 40, upana 25, unene 3 ili uwe mzito. Mbao ngumu isiyotoa nyuzi, ipigwe msasa pande zote, usipake vanishi wala rangi kwa sababu ni ya chakula. Misumari miwili isiyoshika kutu, ipite kutoka chini, itokeze sentimita 4, itengane sentimita 6, vichwa vizame ndani ya mbao ili visikwaruze meza. Kwenye kona moja weka vijiti viwili virefu sentimita 10, vimekutana kama herufi L, vimesimama sentimita 2: hapo atasukumia mkate akipaka siagi, au kitunguu akikata. Kona iwe upande wa mkono wake mgonjwa. Na tengeneza kizibo cha ncha, sisi tulitumia kipande cha gunzi, kwa sababu kuna watoto. Muulize bibi kwanza anataka kumenya nini. Kama ni viazi, misumari isogee karibu zaidi.